Mvunaji Kwenye Banda la Persimoni

Oktoba 19, Jumamosi

Leo tumeanza kumenya persimoni, matunda ya kutundika bandani yakauke. Mikono hakuna. Vijana wote wako mjini, na wazee wa kijiji kila mmoja ana persimoni zake za kuhangaikia. Nimebaki na jirani yangu Mama Dongsik, ambaye humenya moja na kuongea kumi. Ndiye aliyeniambia kwamba nyumba ya marehemu kinyozi imepata mpangaji, mwanamke wa makamo, yuko peke yake, anaitwa Pyo In-suk na anatafuta kibarua. Nikasema mlete hata sasa hivi. Persimoni hazimngoji mtu. Ukichelewa wiki moja zinalainika mtini, hazimenyeki tena wala hazitundikiki.

Oktoba 20, Jumapili

Yule Pyo alikuja kanisani, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mchungaji Noh alipotaja andiko, yeye alikuwa ameshalifungua sisi tukiwa bado tunalamba vidole. Baada ya ibada nikamuuliza alikuwa akisali kanisa gani. Akasema, "Mbali, dada," akaenda zake jikoni kuosha vyombo. Mbali! Kila mahali ni mbali kwa mtu asiyetaka kupataja.

Oktoba 22

Ana mikono myepesi, hilo sitamnyima. Hana maneno. Mama Dongsik ameongea kwa niaba yetu sote.

Oktoba 25, Ijumaa

Jioni kulikuwa na semina kanisani. Alikuja mtu wa mjini kutufundisha juu ya wavunaji, yaani wale wanaotumwa na lile kundi la dini la mzee anayeitwa Mwalimu. Huingia kanisa dogo kama letu wakijifanya wageni. Hufanya kazi kuliko wenyeji, huchunguza nani ana kidonda gani moyoni, kisha huondoka na watu mmoja mmoja mpaka viti vibaki vitupu. Akatupa dalili zao. Mvunaji anajua Biblia kupita kiasi. Hasemi alikotoka. Anaulizia watoto wako. Anapiga simu kwa kificho. Na ukimshuku, mwambie amtukane Mwalimu wao mbele ya watu. Mvunaji hawezi, afadhali afe.

Mama Dongsik alinipiga teke chini ya benchi. Sikuhitaji teke. Binti yangu Garam alichukuliwa hivyo hivyo miaka minne iliyopita, na msichana aliyekuja kuimba kwaya yetu, akamenya persimoni kwenye banda langu hili hili, akiniita mama. Mwaka jana Garam alitokea langoni na mkoba mmoja. Nilimwambia amtukane kwanza yule mzee ndipo aingie. Alisimama pale, kisha akageuka akaenda. Watu wote waliniambia nilifanya vyema, na mimi nasema nilifanya vyema. Ila bado wananiita Mama Garam, na kila wakiniita nageuka upesi kama mjinga.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kesho nitamtazama Pyo vizuri.

Oktoba 28

Joto. Oktoba gani hii? Persimoni zinataka upepo mkavu wenye baridi. Zikikosa baridi zinaota kuvu.

Novemba 2, Jumamosi

Tulikuwa tunakunywa chai ya shayiri sebuleni kwangu. Pyo aliiona picha ya Garam ya kumaliza shule. Akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Nikamuuliza anatafuta nini humo. Akasema, "Ana macho yako, dada." Halafu akauliza kama huwa namuombea. Nikamjibu kwamba hayo ni yangu na Mungu wangu, nikaigeuza picha ikatazama ukuta. Dalili ya tatu hiyo.

Novemba 3, Jumapili

Mchungaji Noh amehubiri juu ya magugu yaliyoota kati ya ngano, na jinsi mwenye shamba alivyowakataza watumishi wake kuyang'oa kabla ya wakati, wasije wakang'oa na ngano. Nilimtazama kwa jicho kali toka mwanzo mpaka amina. Kwake ni rahisi, yeye hajang'olewa mtu.

Novemba 6

Ukungu mpaka karibu adhuhuri. Feni zote za bandani zinazunguka. Usingizi sina.

Novemba 11, Jumatatu

Siku tatu za mvua, na mvua yenyewe ya vuguvugu kama maji ya kuoshea miguu. Juzi asubuhi nilikuta kuvu kwenye safu ya chini, nyeusi, na persimoni nyingine zimeshaanza kuchomoka kwenye vishikizo na kuanguka sakafuni pwaa. Nilikaa chini nikalia. Sina aibu kuliandika hilo. Mwaka mzima wangu umetundikwa kwenye lile banda.

Pyo hakunibembeleza. Alivua koti, akaenda kwa miguu mpaka kanisani, akarudi akisukuma majiko mawili ya makaa kwenye mkokoteni wa mchungaji, yeye mwenyewe ameloa chepechepe. Kuanzia hapo tumekuwa tukifanya kazi mpaka mgongo unakataa. Zilizooza tunaziondoa, nzima tunazipanga mbali mbali, majiko tunayahamisha kona hadi kona. Jana nilimpa soksi za sufu za marehemu mume wangu kwa sababu zake zilikuwa zinatoa maji. Zinamfika magotini. Akatembea nazo kama bata ndani ya banda, nikacheka mpaka nikashika nguzo. Sijacheka hivyo sijui tangu lini.

Nadhani nimemfikiria vibaya. Mungu anisamehe.

Novemba 12

Sasa nisikilize, daftari langu, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Mama Dongsik amekuja mbio kama nyumba inaungua. Anasema kila jioni Pyo hupanda kwenye ukingo wa bwawa na simu yake. Leo amemfuata, akajibanza nyuma ya matete. Amemsikia kwa masikio yake akisema, "Vumilia kidogo. Ameanza kulainika." Nilimwapisha. Akaapa kwa mwanawe Dongsik.

Ameanza kulainika. Mimi huyo. Mimi na soksi zangu.

Novemba 14

Ananiuliza kama naumwa. Nimemwambia ni kichwa.

Novemba 16, Jumamosi

Kesho ni Jumapili ya shukrani ya mavuno. Watu wote watabaki kula. Sijui nitafanya nini. Najua nitakachofanya.

Novemba 17, Jumapili

Nimefanya.

Mezani mbele ya madhabahu kulikuwa na mchele mpya, maboga, figili na persimoni zetu. Baada ya ibada tukashuka ukumbini, tukakaa sakafuni kwenye meza ndefu. Supu ya nyama na figili, kabichi mpya ya kimchi, wali. Pyo alikuwa akigawa supu. Alikaa mwisho kabisa, mkabala na mimi, na alikuwa ameshika vijiti vyake tu nilipoanza.

Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bi Pyo, tusaidie jambo dogo. Sema mbele ya watu hawa kwamba Mwalimu wa lile kundi ni mwongo na mwizi wa watoto wa watu."

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Dada, tunakula," alisema.

"Ni maneno machache. Supu haitapoa."

Aliweka vijiti chini. Nilimwona akifungua mdomo. Kweli alijaribu, midomo ilicheza, lakini hakikutoka kitu, na uso wake ukawa kama karatasi. Nilingoja. Watu wote walingoja. Kisha akainuka, akatuinamia sote, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Akavaa cha kushoto kulia. Akatoka hivyo hivyo.

Mama Dongsik akasema, "Haya, mmeona wenyewe." Watu wakaja kunishika mkono. Mzee mmoja wa kanisa akasema nimeliokoa kundi. Mchungaji Noh alilichukua bakuli la Pyo, akalifunika kwa sahani, akaliweka juu ya kabati.

Nilishinda. Kwa nini basi sijaweza kula tangu mchana?

Novemba 18

Hakuja. Bila shaka hakuja.

Novemba 19

Baridi imeingia hatimaye, upepo mkavu kutoka kaskazini. Persimoni zinaanza kujikunja vizuri. Ningefurahi kama ningekuwa na wa kumwambia. Koti lake bado limetundikwa kwenye msumari bandani.

Novemba 21, Alhamisi

Baada ya sala ya alfajiri Mchungaji Noh alinisimamisha ngazini. Akasema nimpelekee Pyo koti lake, baridi ni kali. Nikamwambia atume mtu.

"Nimemtuma," akasema. "Ndiye wewe."

Nikaenda huku nimekasirika. Nilimkuta anafunga sanduku. Chumba kitupu, kile kioo cha kinyozi bado kiko ukutani, nikajiona humo nimeshika koti la watu. Nilitaka kuliacha mlangoni nirudi. Akaniambia nikae, na kwa kuwa hapakuwa na kiti nilikaa sakafuni.

Nitajaribu kuandika alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Alisema ni kweli, alikuwa kule. Miaka mingi, akipika jikoni kwao. Hakuwahi kutumwa kuvuna mtu. Garam alikuwa akilala chumba kimoja naye. Mwezi wa nane walitoroka pamoja, na sasa Garam yuko mjini Daegu, anafanya kazi kwa dobi.

Nilimshika mkono nikamwambia arudie. Akarudia. Mwanangu yuko Daegu. Yuko nje.

Nikauliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. "Ungenifungulia?" akaniuliza. Jibu tulilijua wote wawili. Akasema Garam alitaka kuja mwenyewe ila analiogopa lile lango. Akamwomba Pyo aje akae karibu nami, amtazamie kama mama yake bado ni yule yule. Zile simu za jioni zilikuwa kwa Garam. Alimweleza kwamba naimba nikimenya, kwamba nimempa soksi. Kwamba nimeanza kulainika.

"Na Jumapili?" nikauliza.

"Jumapili aliniuliza chakula cha shukrani kilikuwaje. Sikuweza kumdanganya, dada. Akakata. Tangu hapo simu yake imezimwa." Akaendelea kukunja nguo huku akisema. "Kule walituambia tangu siku ya kwanza kwamba nje hakuna atakayetupokea. Naogopa atarudi kwao. Wako wanaorudi."

Nikamuuliza, na nilimuuliza kwa ukali maana nilikuwa nazama, kwa nini basi hakusema tu yale maneno machache. Kama amemwacha Mwalimu wao, angepungukiwa nini?

Akaketi sakafuni kando yangu. Alisema wote kule walifundishwa kwamba anayemtaja yule mzee kwa ubaya hafi yeye, anakufa mtoto wake. "Najua ni upuuzi. Kichwa changu kinajua, ulimi bado. Na mimi sina mtoto, dada. Niliyemfikiria pale mezani ni Garam."

Nililia kwa sauti, kilio cha msibani. Yule mwanamke niliyemwaibisha mbele ya kanisa zima alikuwa amenyamaza kwa ajili ya mwanangu, na mimi mama mzazi ndiye niliyempa Garam sababu ya kurudi kule. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Akasema niinuke, sakafu ni baridi. Basi. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza.

Nimemleta kwangu. Amelala chumba cha Garam. Simu bado imezimwa.

Novemba 22

Mama Dongsik amesikia, amekuja. Akanivuta uani, akaninong'oneza, "Na kama hii nayo ni mbinu? Wewe umemwona Garam? Umeisikia sauti yake? Mtu ameingia mpaka chumbani kwako kwa maneno matupu."

Lile neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki siku nzima. Nimekwenda kwa Mchungaji Noh kumuuliza anaonaje, huyu ni mkweli au si mkweli. Akasema hajui. Akasema Samweli alikuwa nabii na bado alipotumwa kuchagua mfalme akamwona yule kaka mkubwa, mrefu, mzuri, alidhani ndiye, na Mungu akamkatalia. "Sisi si manabii hata kidogo, Mama Garam. Mimi sina macho ya kuona ndani ya mtu. Ninachojua ni kwamba tulimpima Pyo kabla hatujamuuliza hata kama amekula."

Nilitaka anipe uhakika. Kanipa hicho.

Alfajiri, wengine walipokuwa wakiomba kwa sauti kuu kama kawaida yetu, mimi nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Pyo alikuwa kando yangu. Naye alikuwa kimya.

Novemba 24, Jumapili

Nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema nilimdhalilisha mgeni wa kanisa hili mezani, bila kumjua, na kwamba namwomba radhi pale pale nilipomkosea. Sikueleza habari za Garam, maana ningezieleza wangesema namtetea Pyo kwa faida yangu, na wangekuwa hawajakosea sana. Wengine waliinamisha vichwa. Mzee aliyenipongeza wiki iliyopita alitoka nje kukohoa na hakurudi.

Simu imezimwa.

Novemba 25

Wanasema mvua inarudi kesho, na joto. Persimoni ziko nusu njia, ndani bado maji. Nikiondoka sasa na feni zikakosa mtu, zimekwenda. Nimemwambia Pyo tuondoke kesho.

Jioni Mama Dongsik alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. "Nitaziangalia feni zako," akasema. "Siyo kwa ajili ya huyo. Kwa ajili ya Garam. Mimi bado simwamini."

Nikamwambia inatosha.

Novemba 26, Jumanne, Daegu

Kwa dobi walituambia hajaonekana tangu juma lililopita. Pyo akanishika mkono. Tukaenda anakopanga, ghorofa ya tatu juu ya duka la mitungi ya gesi. Nilibisha. Pyo akaita jina lake. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, nikaliona jicho moja.

Halikuwa linaniangalia mimi. Lilikuwa linatazama nyuma yangu, kwenye ngazi.

"Mmekuja wangapi?" aliuliza.

Sikuelewa. Pyo ndiye aliyeelewa. Kumbe mwanangu alidhani nimeleta watu wa kumkamata na kumfungia mahali mpaka akane, kama ambavyo wazazi wengine hufanya. Alikuwa akinisoma mimi kama nilivyomsoma Pyo. Na ningemlaumu vipi, wakati picha aliyonayo kunihusu nilimpa mwenyewe langoni?

"Wawili," nikasema. "Mimi na Pyo. Amelala chumbani kwako wiki hii. Anakoroma."

Akauliza, sauti ndogo, "Utaniuliza nini nikifungua?"

Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimepanga hotuba. Ilikuwa na machozi na maandiko. Yote yakapotea.

"Kama umekula," nikasema.

Alifunga mlango. Nilidhani nimempoteza tena. Kumbe alikuwa anatoa mnyororo.

Hakuwa amekula tangu jana.

Novemba 29, Ijumaa

Tumerudi watatu. Karibu nusu ya persimoni ziko sakafuni, zimeota kuvu. Mama Dongsik alijitahidi, mvua ilimshinda. Aliniambia huku macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, na mimi nikamkumbatia, jambo ambalo hatujafanya tangu mazishi ya mume wangu. Nitalipa vipi mbolea ya mwaka ujao sijui. Nimezifagia.

Garam anafunga madirisha mara mbili mbili. Amefungua Biblia, akaifunga. Jana aliniambia kwamba yako mambo ya Mwalimu ambayo bado yanamjia kichwani kama kweli. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Naogopa. Sijui kama atakaa mpaka masika. Sijui chochote, nimegundua, na bado natakiwa kupika.

Desemba 1, Jumapili

Garam alisema asubuhi kwamba atakuja kanisani, ila atakaa karibu na mlango. Nikasema sawa. Tulipoingia, vichwa viligeuka safu baada ya safu. Niliyaona yale macho, nikayatambua, ni yangu. Alinishika mkono kwa nguvu, vidole vyake baridi, na Pyo akamshika upande wa pili.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa Mama Dongsik peke yake, na mkoba wake kando. Aliwatazama wote wawili toka juu hadi chini, kisha akaniinamia sikioni.

"Umeshamwambia amtukane Mwalimu?"

"Sogea," nikamwambia. "Tuko watatu."

Akautoa mkoba.